Uzi: Je, Belize ikipe Kihispania hadhi ya lugha rasmi? Mimi nasema ndiyo, na sababu yangu si biashara

#1 Mwanaramani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna mjadala wa Belize ambao kila ukiibuka huishia mahali pabaya. Upande mmoja unataka Kihispania kiwe lugha rasmi kwa sababu kitaleta biashara. Upande wa pili unasema kufanya hivyo ni kuiuza nchi kwa jirani. Naona wote wanamsahau anayehusika hasa, yaani raia wa Belize anayezungumza Kihispania akiwa amesimama mbele ya afisa wa serikali yake mwenyewe. Naomba tuanzie kwake.

Kwa wasioifahamu nchi hii: Belize iko Amerika ya Kati, kaskazini inapakana na Meksiko, magharibi na kusini na Guatemala, mashariki ni bahari ya Karibi. Watu wake ni kama 400,000. Waingereza waliitawala kwa jina la Honduras ya Uingereza, jina likabadilishwa mwaka 1973, uhuru ukapatikana tarehe 21 Septemba 1981. Ndiyo nchi pekee ya Amerika ya Kati ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Sheria, hukumu, hati miliki za ardhi, mitihani ya sekondari inayotungwa na Baraza la Mitihani la Karibi, vyote huandikwa kwa Kiingereza.

Sasa angalieni sensa ya 2010, ambayo iliruhusu mtu kutaja lugha zaidi ya moja. Waliotaja Kiingereza ni asilimia 62.9. Waliotaja Kihispania ni asilimia 56.6. Kikrioli (lugha ya wazao wa watumwa wa Kiafrika, iliyochipuka kutoka Kiingereza) asilimia 44.6, lugha za Kimaya kama asilimia 10, Kijerumani cha Wamenoni (jamii ya Wakristo wakulima) asilimia 3.2, Kigarifuna (lugha ya wazao wa Waafrika na wenyeji wa Karibi) asilimia 2.9. Yaani zaidi ya nusu ya nchi inazungumza lugha ambayo dola haiitambui popote kuwa ni yake.

Na watu hawa hawakuingia jana. Kundi kubwa la kwanza lilikimbia vita vya Yucatán, kule Meksiko, vilivyoanza 1847, likajaza Corozal na Orange Walk kule kaskazini na kisiwa cha Ambergris Caye, likaanzisha kilimo cha miwa ambacho mpaka leo ndicho uti wa mgongo wa wilaya zile mbili. Kundi la pili lilikuja hasa miaka ya 1980, likikimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Kijiji cha Valley of Peace, wilayani Cayo, kilianzishwa 1982 kwa ajili yao kwa msaada wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Wajukuu wa kundi la kwanza wana zaidi ya karne na nusu pale. Watoto wa kundi la pili wamezaliwa pale.

Hoja ya biashara naikataa kwa sababu biashara haihitaji sheria. Mkazi wa Corozal anavuka mpaka kwenda kununua vitu Chetumal, upande wa Meksiko, na kuongea Kihispania bila kuomba ruhusa ya Bunge. Mwenye hoteli akitaka wafanyakazi wa lugha mbili atawatafuta tu. Hoja ya kuzungukwa na majirani nayo naikataa. Nchi haichagui lugha yake ya kazi kwa kuangalia nani yuko ng'ambo ya uzio.

Hoja yangu ni hii. Fikirieni mtu ameitwa kituo cha polisi kuandika maelezo. Anazungumza Kihispania. Askari anamsikiliza kwa Kihispania, kwa sababu askari wengi wa wilaya zile wanakijua, kisha anaandika kwa Kiingereza. Akimaliza anamsomea tena, akitafsiri papo hapo kichwani. Mtu anatia sahihi. Miezi baadaye, mahakamani, wakili wa serikali anamwonyesha karatasi ile na kumuuliza kama sahihi ni yake. Ni yake, hawezi kukana. Lakini sahihi yake iko chini ya maneno ambayo hakuyatamka hata moja, na yale aliyoyatamka hayakuandikwa mahali popote. Kama askari alichanganya "nilimsukuma" na "nilimpiga", hakuna pa kwenda kuhakikisha.

Katiba ya Belize inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya kesi. Ni kifungu kizuri. Lakini mkalimani anakuja mahakamani, wakati karatasi imeshaandikwa. Wala kifungu hakimfuati mtu huyo hospitali anapopewa fomu ya kuridhia upasuaji, wala ofisi ya ardhi, wala ofisi ya kuandikisha vizazi.

Napendekeza Kihispania kiwe rasmi pamoja na Kiingereza, na sheria itaje kwa majina zile huduma ambazo raia atakuwa na haki ya kuzipata kwa lugha hiyo. Kiingereza kisiguswe.

Karibuni.

#2 Jabali

Mkuu, umeandika vizuri, lakini umekwepa jambo kubwa kuliko yote. Guatemala inadai zaidi ya nusu ya ardhi ya Belize, kila kitu kuanzia mto Sibun kwenda kusini. Ilikataa kuitambua Belize ilipopata uhuru, ikaja kuitambua 1991, na hata hivyo haikuacha dai lake. Majeshi ya Uingereza yalibaki pale mpaka 1994 kwa sababu hiyo hiyo. Leo kesi iko Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague.

Katika hali hiyo wewe unataka nchi iseme rasmi: sisi pia ni nchi ya Kihispania? Kwa Mbelize wa kawaida Kiingereza ni ukuta. Ndicho kinachomtofautisha na anayeidai ardhi yake. Ukiubomoa ukuta huo kwa hiari, usishangae jirani akisema mnaona, hata wao wanakubali kuwa ni wenzetu. Na usisahau walivyomfanya George Price, kiongozi wa harakati za uhuru wa Belize, 1957, alipokuwa London na ujumbe wa koloni. Ilijulikana tu kwamba alizungumza na mwanadiplomasia wa Guatemala, Waziri wa Makoloni akavunja mazungumzo na kumrudisha nyumbani kama msaliti. Hofu hii ina mizizi, si ya kubezwa.

#3 Mwanaramani (mleta uzi)

Jabali, siibezi hata kidogo. Naomba tu tuitenganishe na kesi yenyewe.

Kesi ya The Hague inahusu mkataba wa 1859 kati ya Uingereza na Guatemala. Mkataba ule ulichora mipaka, na kifungu chake cha saba kikasema pande mbili zitashirikiana kujenga njia ya kutoka Jiji la Guatemala hadi pwani ya Karibi. Njia haikujengwa. Guatemala inasema kwa sababu hiyo mkataba ulikufa, Belize inasema mpaka uko pale pale. Majaji wataangalia mikataba, ramani, na nani alitawala wapi na tangu lini. Hakuna jaji atakayeuliza karani wa Orange Walk anampokea mteja kwa lugha gani. Ingekuwa lugha inagawa ardhi, Guatemala na Honduras zingekuwa nchi moja, na mpaka wa Ajentina na Chile usingekuwepo.

Halafu tazama ni nani hasa tunaowaogopa. Waliokuja miaka ya 1980 walikimbia majeshi, likiwemo jeshi la Guatemala. Waliokuja karne ya 19 walitoka Yucatán, ambayo ni Meksiko, nchi isiyodai chochote. Kumchukua mtu aliyekimbia bunduki ya jirani na kumhesabu kuwa ni mkono wa jirani huyo ni kumwonea mara mbili.

Na Price huyo huyo uliyemtaja, aliyeitwa msaliti 1957, ndiye aliyekuwa waziri mkuu bendera ya Belize ilipopandishwa 1981. Miaka yote katikati alizunguka duniani akitafuta kura za Umoja wa Mataifa kuunga mkono uhuru wa nchi nzima bila kumega hata shamba. Kujua lugha ya jirani hakukumfanya awe wa jirani.

#4 Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, nawasoma kwa raha. Nimefundisha watoto wanaosoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, kwa hiyo jambo hili naliona kutokea darasani, na nina shaka na mleta uzi. Shaka yangu ni hii: kuandika neno "rasmi" kwenye karatasi ni rahisi mno, na nchi iliyoonyesha hivyo kuliko zote ni Ufilipino.

Uhispania ilitawala Ufilipino tangu Mhispania Legazpi alipofika kisiwa cha Cebu 1565 mpaka 1898, miaka 333. Ungetegemea nchi ile leo iongee Kihispania kama Peru. Haiongei. Mapadri wa mwanzo waliona ni afadhali wao wajifunze lugha za wenyeji kuliko kuwafundisha wenyeji lugha yao. Kitabu cha mafundisho ya dini kilichochapwa Manila 1593 kilikuwa tayari kina Kitagalogi. Shule za msingi za bure kwa Kihispania ziliamriwa 1863, miaka 35 tu kabla ya utawala kuondoka. Waliokijua walikuwa wachache, tena wa juu: mawakili, waandishi, wenye mashamba. Ni kweli wachache hao walikitumia kwa mambo makubwa. José Rizal, shujaa wa taifa lile, aliandika riwaya zake mbili kwa Kihispania, na shairi lake la mwisho kabla ya kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896 ni Kihispania. Katiba ya Malolos ya 1899, ya jamhuri iliyokuwa inapigania kujikomboa, nayo ni Kihispania. Lakini mkulima wa kijijini hakuisoma.

Wamarekani walipoingia, 1901 walishusha meli nzima ya walimu, kama 500, wakafungua shule za Kiingereza kila upande. Baada ya kizazi kimoja Kiingereza kikawa kimekipita Kihispania. Sasa ona hadhi ya kwenye karatasi: katiba ya 1935 ikasema Kihispania ni rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba ya 1973 ikakiacha, amri ya Rais Marcos mwaka huo huo ikakirudisha kwa ajili ya nyaraka za zamani zilizokuwa hazijatafsiriwa. Sheria ikawalazimisha wanafunzi wa vyuo kukisoma, wakakisoma kwa kufaulu mtihani na kukisahau wiki inayofuata. Katiba ya 1987 ikakiweka pamoja na Kiarabu kwenye lugha za hiari. Zaidi ya miaka 50 ya kuwa rasmi haikukizalishia wazungumzaji, kwa sababu nyumbani hakikuwepo na darasani kilikuwa adhabu.

Kwa hiyo mwanangu Mwanaramani, nikuulize: Belize ikipitisha sheria yako, mwalimu wa darasa la kwanza kesho yake asubuhi anafanya nini tofauti? Kama jibu ni hakuna, sheria yako ni ya ukutani.

#5 Mwanaramani (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndilo swali lenyewe, na mfano wa Ufilipino nitautumia, ila kwa upande wangu.

Ufilipino sheria ilikuwa inajaribu kuleta lugha mahali ambapo haikuwepo. Wazungumzaji walikuwa wachache na walikuwa juu. Wangeweza kujitetea kwa lugha yoyote. Belize mambo yako kinyume. Wazungumzaji wapo tayari, ni zaidi ya nusu, na wale wasiojua Kiingereza wako chini kabisa: wavunaji wa ndizi kusini, wachumaji wa machungwa na balungi wilayani Stann Creek, akina mama wa vijiji vya Cayo. Sheria yangu haiombi mtu yeyote ajifunze neno moja jipya. Inaiomba serikali iwasikilize watu ilionao.

Kuhusu mwalimu wa darasa la kwanza: mtoto wa Orange Walk anatoka nyumbani na Kihispania, uwanjani anacheza kwa Kikrioli, anaingia darasani anakuta kitabu cha Kiingereza. Lugha ya tatu ndiyo anayofundishwa kusomea herufi. Mwalimu aliye makini anamweleza kwa Kihispania chini chini, na akija mkaguzi anaacha. Ningetaka jambo analolifanya kwa kificho alifanye hadharani, madarasa ya mwanzo, huku Kiingereza kikipandishwa taratibu mpaka kiwe lugha ya masomo juu. Mtihani wa kidato cha mwisho utabaki wa Kiingereza, hilo sina ugomvi nalo. Unaniambia mwalimu, wewe uliyekaa na watoto: anayejifunza herufi kwa lugha anayoielewa anachelewa, au anawahi?

#6 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Anawahi. Hilo sina la kubishana. Lakini mpe mwalimu huyo kitabu na mafunzo, siyo ruhusa peke yake. Ruhusa bila kitabu nimeiona mwisho wake.

#7 Ngalawa

Naongeza mifano miwili kwa haraka kwa sababu naona inasaidia pande zote.

Puerto Rico, Aprili 1991, gavana Rafael Hernández Colón alitia sahihi sheria ya kukifanya Kihispania lugha rasmi pekee, akafuta ile ya 1902 iliyotambua lugha mbili. Uhispania ikafurahi, mwaka huo huo watu wa Puerto Rico wakapewa Tuzo ya Mfalme Mtarajiwa wa Asturias upande wa fasihi. Januari 1993 gavana mpya, Pedro Rosselló, wa chama kingine, akarudisha lugha mbili kwa sheria yake ya kwanza kabisa. Haikufika hata miaka miwili. Watu waliendelea kuongea walivyokuwa wakiongea.

Guinea ya Ikweta ndiyo ya ajabu zaidi. Kihispania ni rasmi kwa sababu ya ukoloni, Kifaransa kikaongezwa 1998 kwa sababu nchi imezungukwa na nchi zinazotumia sarafu ya faranga ya CFA, nayo inaitumia, Kireno kikaongezwa 2010 na mwaka 2014 nchi ikaingia Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kireno. Lugha rasmi tatu, zote za Ulaya. Kifang, ambacho wengi wanakizungumza nyumbani, na Kibubi cha kisiwani Bioko havimo. Pale lugha rasmi ni kiingilio cha mikutano. Mwanamke wa Kibubi aliyeenda kudai shamba la baba yake, Kireno kilimsaidia nini?

Kwa hiyo mleta uzi namuunga mkono katika jambo moja: ukianza na biashara na diplomasia utamaliza na Kireno cha Guinea ya Ikweta.

#8 Mama Kalamu

Nimesubiri mtu awataje Wakrioli, naona mnapita tu pembeni.

Wakrioli wa Belize ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kukata magogo ya kutengenezea rangi na baadaye mahogani kwenye misitu ile. Mpaka sensa ya 1980 walikuwa ndio kundi kubwa kuliko yote nchini. Iliyofuata, ya 1991, Wamestizo (machotara wa Wahispania na wenyeji, wengi wao wakiongea Kihispania) walishawapita, na 2010 Wamestizo walikuwa asilimia 52.9, Wakrioli asilimia 25.9. Sehemu ya sababu ni wakimbizi mliowataja, na sehemu kubwa ni Wakrioli wenyewe kuhamia Marekani kutafuta kazi. Mtu ameishi kuona nchi aliyoijenga babu yake kwa mnyororo inabadilika ndani ya miaka kumi. Halafu anakuja mwenye huruma anamwambia lugha ya waliofika baadaye ipewe kiti, na yeye anayezungumza Kikrioli asubiri nyuma.

Kikrioli hakina hadhi yoyote. Kwa miaka mingi kimeitwa Kiingereza kibovu, mtoto akikiongea darasani anasahihishwa. Lakini ndicho kinachounganisha nchi ile. Mmaya na Mgarifuna wakikutana sokoni, Mmenoni na Mmestizo wakikubaliana bei, mara nyingi wanaongea Kikrioli. Kamusi yake ilitoka 2007, maandishi yanaeleweka. Kama kuna lugha inayostahili kuwa rasmi Belize kwa sababu ni ya Belize, ni hiyo. Sijui kwa nini uzi wako wote, ndugu yangu, umeitaja kama namba ya sensa tu.

#9 Mwanaramani (mleta uzi)

Mama, hoja yako imenikalia moyoni kuliko zote zilizotolewa humu, na sitaijibu kwa mstari mmoja.

Kwanza, uchungu wa Mkrioli ni wa haki. Hakuna watu waliolipa zaidi kuifanya Belize iwepo. Hata sikukuu ya tarehe 10 Septemba, kukumbuka vita vya 1798 vya kisiwa cha St. George's Caye dhidi ya meli za Wahispania, ina maana kwao kwa namna ambayo mimi wa mbali siwezi kuibeba. Mtu akiona Kihispania kinaingia Bungeni atakumbuka meli zile, na hana kosa.

Pili, nakubali Kikrioli kipewe hadhi. Tena ningekiweka kwenye sentensi moja na Kihispania, si ibara ya baadaye ya "lugha nyinginezo". Ila naona hadhi zenyewe zinatofautiana kwa kazi. Mzungumzaji wa Kikrioli akisomewa hati kwa Kiingereza anaweza kufuata sehemu kubwa, hata kama si zote, na ofisa aliyeko mbele yake karibu kila mara anakijua Kikrioli. Anachonyimwa ni heshima: kuambiwa kwamba anachozungumza si lugha. Dawa yake ni shule, redio, Bunge, maandishi ya serikali. Mzungumzaji wa Kihispania pekee, aliyeko kwenye shamba la ndizi, anachonyimwa ni kuelewa kabisa. Karatasi ile kwake ni giza. Ndiyo maana nilianza naye. Kuanza naye si kusema yeye ni Mbelize zaidi.

Tatu, na hili naomba ulifikirie nami. Leo mashindano ni ya Mkrioli na Mmestizo kugombea nafasi ya pili, huku nafasi ya kwanza ikiwa ya Kiingereza cha shule ambacho kwa wote wawili ni lugha ya kujifunza. Dola imewaacha wagombane mlangoni. Sheria moja ikiwatambua wote wawili siku moja, sababu ya ugomvi inapungua.

Mwaka 2022 Belize iliunda tume ya kupitia katiba kwa kukusanya maoni ya wananchi. Katika mchakato wa aina ile ndipo watu wa makundi yote wanaweza kukaa meza moja na kulizungumza hili kabla halijageuzwa kuwa kura za uchaguzi, kama ilivyokuwa Puerto Rico.

#10 Mkalimani

Naingia kwa upande wa kazi, maana ndiyo kazi yangu.

Watu wakisikia lugha mbili rasmi wanafikiria mabango. Gharama haiko kwenye mabango, iko kwenye sheria. Ukisema lugha mbili ni sawa kwa kila kitu, kila sheria iwe na nakala mbili, na siku nakala mbili zikipishana unahitaji kanuni ya kuamua. Kanada wamechagua nakala zote mbili ziwe na nguvu sawa, kwa hiyo jaji anasoma zote na kutafuta maana inayozipatanisha. Inafanya kazi, lakini wana waandishi wa sheria waliobobea kwa kila lugha, na nchi ni tajiri. Belize itawatoa wapi? Na rufaa ya mwisho tangu 2010 inakwenda Mahakama ya Haki ya Karibi, Port of Spain, ambayo inafanya kazi kwa Kiingereza.

Paraguay nayo ni ya kujifunza. Katiba ya 1992 iliweka Kiguarani na Kihispania kuwa rasmi sawasawa, na Kiguarani kinaongewa na watu wengi sana, lakini sheria na hukumu zimeendelea kuandikwa kwa Kihispania zaidi.

Ushauri wangu: usiombe usawa wa kila kitu, utapewa karatasi. Omba vitu vichache vinavyoweza kukaguliwa. Maelezo ya polisi yaandikwe kwa lugha aliyoongea mtu, tafsiri iambatanishwe, na mkalimani atie jina lake. Fomu za hospitali ziwe za lugha mbili. Anayetafsiri awe amefanya mtihani wa kazi hiyo, maana siku hizi popote utamkuta mfagizi au mtoto wa mgonjwa ndiye anageuzwa mkalimani. Mtoto wa miaka kumi anamwambia mama yake habari za uvimbe. Nimeshuhudia, na hakuna mtu anayepaswa kuona hilo.

#11 Jabali

Mkalimani amenisogeza kidogo. Orodha yake naikubali yote, hata ile ya polisi. Neno "rasmi" bado silitaki mpaka kesi ya The Hague iishe. Mleta uzi, kwa nini usichukue huduma ukaliacha neno?

Na swali la pili, hujalijibu: Toledo je? Katika wilaya ile ya kusini, Wakekchi na Wamopani, makundi ya Wamaya, wana lugha zao. Ukikipa Kihispania hadhi, afisa wa Toledo si atamgeukia mzee wa Kimaya na kumwambia, haya, kama hujui Kiingereza basi nakuhudumia kwa Kihispania? Umembadilishia mkoloni tu.

#12 Mwanaramani (mleta uzi)

Jabali, kuhusu neno: huduma isiyo na jina kwenye sheria huondolewa kimya kimya bajeti ikibana. Ndiyo ya kwanza kufutwa, na hakuna wa kumshtaki. Neno linampa raia mahali pa kushika anapokwenda mahakamani. Lakini kama ingekuwa lazima nichague leo, huduma za Mkalimani bila neno, au neno bila huduma, ningechukua huduma asubuhi hii hii na kuendelea kulidai neno kesho.

Kuhusu Toledo umenikamata mahali pa haki. Wamaya wa Toledo walikwenda mahakamani kudai ardhi ya vijiji vyao kwa mila zao, wakafika mpaka Mahakama ya Haki ya Karibi, na mwaka 2015 serikali ikakubali mbele ya majaji kwamba haki hiyo ipo. Watu walioshinda kesi ya namna ile hawawezi kuambiwa wachague kati ya lugha mbili za wageni wanapofika ofisi ya ardhi. Kwa hiyo sheria iende kwa wilaya: Toledo, lugha ya pili ya huduma iwe Kikekchi na Kimopani kabla ya Kihispania, na katika mji wa Dangriga na vijiji vya pwani ile, iwe Kigarifuna. Bolivia ilifanya kitu kinachofanana na hicho katika katiba ya 2009. Ilitambua lugha 36 za wenyeji pamoja na Kihispania, kisha ikazitaka serikali za idara zitumie angalau mbili, moja ikiwa Kihispania na nyingine ile ya watu wa pale.

Mkalimani, ukipata nafasi tuandikie humu mtihani wa wakalimani unaoujua unapimwaje, hasa upande wa hospitali. Na Mama Kalamu, naomba urudi useme kama sentensi ya kuviweka Kikrioli na Kihispania pamoja ungeikubali, au bado unaona Kikrioli kitangulie.